Punda Akizeeka Kitale, Nani Atampokea?

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, mavuno yanapopamba moto Trans Nzoia, kila barabara inayoingia Kitale hunuka mahindi. Malori husimama foleni nje ya maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, trekta huvuta matela yaliyofunikwa turubai, na pembeni, kwenye vumbi la ukingo wa lami, hupita mikokoteni ya punda. Punda wawili chini ya nira moja, magunia ya kilo 90 yamepangwa hadi juu, kijana amekaa kileleni na kiboko mkononi. Mkulima wa ekari mbili hana lori. Ana punda, au ana jirani mwenye punda, na hao ndio huondoa mahindi yake shambani mvua za mwisho zikiwa zimeshaharibu njia.

Watazame punda wenyewe. Utaona wa miaka mitano, wa minane, labda wa kumi na miwili. Punda akitunzwa huishi miaka 25, wengine hupita 30. Basi wa miaka 20 wako wapi? Ukiwauliza wenye mikokoteni, wengi watacheka kidogo, kisha watabadilisha mazungumzo yahamie bei ya mahindi.

Uingereza na Marekani kuna utaratibu wa farasi mstaafu. Aliyemaliza mbio, aliyeumia mguu, au aliyeondolewa mikononi mwa mtu aliyekuwa akimtesa, hupelekwa kwenye makao ya wanyama na kutibiwa. Anayetaka kumchukua hukaguliwa yeye na shamba lake, hutia sahihi kwamba hatamuuza wala kumzalisha, ndipo hukabidhiwa kamba. Mara nyingi mnyama hubaki mali ya makao, ili mlezi akishindwa amrudishe badala ya kumpeleka mnadani. Huku kwetu wapo wanaosikia habari hizi wakaona ni anasa ya watu walioshiba. Mimi naziona ni hesabu tu: mnyama aliyekufanyia kazi miaka kumi ana miaka mingine kumi ya kula bila kufanya kazi, na lazima gharama hiyo iangukie mtu fulani.

Kitale iliwahi kuwa mji wa farasi. Makaburu walioongozwa na Van Rensburg walipanda nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa Kiingereza waliostaafu wakagawiwa mashamba Trans Nzoia. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mlowezi alikagua shamba lake akiwa juu ya farasi, na kwa farasi huyo huyo alicheza michezo yake. Uhuru ulipokuja, wenye mashamba wakauza na kuondoka, na farasi wakapungua nao.

Upande wa Bungoma farasi walikuwa nadra tangu mwanzo. Ile ilikuwa ardhi iliyotengewa Waafrika, haikugawiwa walowezi. Lakini hata kama wangegawiwa, farasi wao wangepata taabu. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400, na kadiri unavyoteremka kuelekea Busia unaingia katika ukanda wa mbung'o, anayeeneza ugonjwa wa nagana. Pia kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaobebwa na visubi wanaozaliana mvua zikizidi. Farasi asiyechanjwa akiupata huweza kufa ndani ya siku chache, povu likimtoka puani. Katika mapigano ya Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918, maradhi na mbung'o waliwaua farasi na nyumbu kwa maelfu, wengi zaidi kuliko risasi.

Nasema haya kwa sababu wapo watu wa Kitale, na wengine wa Bungoma waliojenga nyumba nzuri kijijini, wanaotamani farasi aliyestaafu mbio za Ngong. Farasi wa mbio huacha uwanja akiwa bado kijana, na mbele yake kuna miaka 15 au zaidi ya kuishi. Mwenye nyasi Endebess au Kiminini, mwenye uzio imara, na aliye tayari kulipia chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika kila mwaka, anaweza kufikiria. Mwenye shamba Malakisi, upande wa Bungoma, afikirie mara mbili, kisha mara ya tatu. Farasi hunywa lita 30 hadi 50 za maji kwa siku, na mbung'o hajali kwamba ulimchukua kwa huruma.

Kisa maarufu zaidi cha kuwaokoa farasi wazee barani Afrika kilitokea Cairo. Mwanamke Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika huko mwaka 1930 akifuatana na mumewe mwanajeshi. Akakuta farasi wa jeshi la Uingereza, waliouzwa baada ya vita kwisha mwaka 1918, wakivuta mikokoteni mizito, wamekonda, wengine vipofu, umri wao umepita miaka 20. Mwaka 1931 aliandikia gazeti la Morning Post la London, na wasomaji wakamtumia fedha. Katika miaka michache alinunua karibu farasi 5,000. Ukisimuliwa haraka utadhani wote walirudishwa kwao wakala nyasi hadi mwisho. Sivyo. Wengi walikuwa wamechoka kupita kiasi. Aliwapa siku chache za kupumzika, malisho laini na kivuli, kisha akawafanya wafe bila maumivu. Mwaka 1934 alifungua hospitali ya wanyama jijini humo, na shirika lililozaliwa pale, Brooke, leo linafanya kazi Kenya pia. Hapa kwetu wagonjwa wake ni punda.

Na punda ndiye farasi mstaafu wa Kitale na Bungoma. Hakuna haja ya kumtafuta Ngong.

Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ilipata milioni 1.2 hivi. Katikati ya sensa hizo mbili yalifunguliwa machinjio ya punda: Mogotio kule Baringo, Naivasha, Lodwar na Machakos. Soko lilikuwa China, ambako ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, dawa ya kienyeji yenye bei kubwa. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilieleza mwaka 2019 kwamba kati ya 2016 na 2018 walichinjwa punda 301,977, na ikaonya kuwa kwa mwendo huo wangekwisha nchini kufikia 2023. Wizi ukashamiri. Watu waliamka asubuhi wakakuta kamba imekatwa, na vichakani mizoga iliyochunwa, nyama imeachiwa mbwa.

Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo baada ya kampuni moja kushtaki. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafikiana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote.

Niliunga mkono marufuku na bado naiunga mkono. Lakini kuna jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Kabla ya machinjio, punda aliyezeeka hakuwa na bei yoyote. Machinjio yalipofunguliwa akapata bei kwa mara ya kwanza, kwa kuwa anayenunua ngozi hajali meno wala miguu. Biashara ilipobanwa, kundi likapona, ila mzee akarudi kule alikokuwa: hafai nira na hauziki. Wengine hufunguliwa kamba jioni moja na kuachwa wajitafutie. Hao ndio utakaowakuta usiku wakiwa wamesimama katikati ya lami karibu na Kamukuywa au Misikhu, hawashtuki hata kwa honi.

Sheria ipo. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, ile inayokataza ukatili kwa wanyama, inamhesabia kosa anayempiga, anayembebesha kupita kiasi, na anayemtumia mnyama mgonjwa au aliyejeruhiwa asiyefaa kazi. Anayemtesa anaweza kushtakiwa. Lakini punda akishaondolewa mikononi mwa mtesaji, apelekwe wapi? Kituo cha polisi hakina zizi, na askari hana nyasi.

Makao ya kweli ya punda yaliyo maarufu nchini yako mbali na sisi, Lamu, ambako magari ni machache na punda ndio wabebaji. Shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, lilifungua kituo pale mwaka 1987. Punda wa mji huo hutibiwa bure, na wale wasiojiweza hupewa nafasi uani. Kituo hicho kiko ufukweni hapo hapo ambapo punda hupakiwa mawe ya matumbawe, saruji na mchanga. Mwenye punda hana safari ya kufunga. Anapita tu.

Karibu zaidi nasi, kwenye barabara ya Kitale kwenda Kapenguria, Boniface Ndura aliifanya ardhi yake kuwa hifadhi, Kitale Nature Conservancy. Humo hutunzwa mifugo iliyozaliwa na kasoro, kama vile ng'ombe mwenye miguu ya ziada, wanyama ambao kwingine wangechinjwa siku ile ile au kutajwa kuwa mkosi. Wageni na watoto wa shule hulipa kiingilio kuwaona. Ni kazi ya heshima. Ila ukiifikiria utaona kwa nini si rahisi kuifanya kwa punda wa mkokoteni. Mtoto atalipa kumwona ng'ombe wa ajabu. Hakuna atakayelipa kumwona punda mzee mwenye kovu la nira begani, kwa sababu wa namna hiyo hupita mbele ya shule yake kila asubuhi.

Kwa hiyo katika ukanda huu makao ya punda mstaafu yatakuwa boma la mtu. Na mtu huyo afahamu anachopokea.

Aanze na mdomo. Punda humaliza kuota meno ya mbele ya ukubwani akiwa na miaka mitano. Baada ya hapo vishimo vilivyo juu ya meno hayo huanza kulika, na kadiri miaka inavyokwenda meno hulala kuelekea mbele badala ya kusimama wima. Ukifunua mdomo wa juu ukaona meno marefu yamelala, usiamini ukiambiwa ana minane. Muuzaji wa punda ana kawaida ya kumhifadhi katika umri huo. Kisha mwangalie anapokula. Mzee ambaye magego yamekwisha hutafuna, hutafuna, halafu hudondosha kibonge cha nyasi kilicholowa mate, hajakimeza. Chini ya miguu yake utakuta vibonge kadhaa. Huyo anaweza kufa njaa akiwa amesimama kwenye majani ya kijani. Mabua ya mahindi, ambayo ndiyo chakula cha punda wa kwetu baada ya mavuno, hayawezi. Anahitaji majani ya napier yaliyokatwa vipande vidogo sana, au pumba iliyolowekwa mpaka ikawa uji.

Mahindi mabovu asipewe kabisa, na hili nalitilia mkazo kwa sababu ya mahali tulipo. Msimu wa mavuno kila nyumba Trans Nzoia ina kilo kadhaa za mahindi yaliyoota ukungu, yaliyokataliwa ghalani, na fikra ya kwanza ya mtu ni kuwapa wanyama. Ng'ombe anaweza kustahimili kiasi. Farasi na punda hawawezi. Kuvu aitwaye Fusarium huacha kwenye mahindi sumu ya fumonisini, ambayo kwa wanyama hawa huyeyusha ubongo. Mnyama huanza kuzunguka mahali pamoja, huegemea ukuta kwa paji la uso, haoni, na mara nyingi hufa ndani ya siku mbili tatu. Dawa yake haipo.

Kwato nazo huwashangaza watu. Wengi hudhani punda asiyefanya kazi miguu yake inapumzika. Kwato hukua wakati wote kama kucha, na anayetembea juu ya mawe huzisugua mwenyewe. Anayekaa kwenye tope la Kitale, ambako mvua hunyesha kuanzia Aprili hadi Oktoba, kwato zake hazisuguliki. Hurefuka na kupinda juu, naye huanza kutembelea visigino. Mstaafu huhitaji kukatwa kwato kila baada ya wiki nane hivi, mara nyingi zaidi kuliko alipokuwa kazini, na mwenye kisu cha kwato na ujuzi wa kukitumia si rahisi kumpata kama fundi baiskeli. Mvua yenyewe ni adui. Asili ya punda ni nchi kavu, na manyoya yake huyanywa maji badala ya kuyamwaga. Ng'ombe wa jirani atasimama mvuani bila shida. Punda anahitaji banda lenye paa na sakafu iliyoinuka. Mabati manne yanatosha, lakini yawepo kabla yeye hajaja.

Achanjwe pepopunda, kwa kuwa punda na farasi hupata ugonjwa huo kwa urahisi mno, hata kwa mchomo wa msumari. Achanjwe kichaa cha mbwa pia, na apewe dawa ya minyoo. Maji ni mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, wakati mwingine na zaidi. Ukimtoa Kitale kumpeleka Bungoma, au kinyume chake, pata kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa ofisi ya daktari wa mifugo ya kaunti ndogo. Karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea askari akisimamisha gari kule Webuye na kuuliza umetoa wapi punda.

Limebaki jambo moja ambalo wenye huruma hulisahau zaidi kuliko yote. Punda ni mnyama wa urafiki. Wawili waliovuta nira moja miaka saba hushikamana, na ukimchukua mmoja ukamwacha mwenzake, aliyebaki anaweza kugoma kula. Kwa mtu hiyo ni huzuni tu. Kwa punda aliyegoma kula siku mbili au tatu, mwili huanza kumwaga mafuta kwenye damu, ini hushindwa, naye hufa. Kuna punda waliokufa hivyo wakiwa kwenye boma jipya zuri lenye nyasi, mwenyeji akidhani walirogwa.

Gharama hizi mtu mmoja ataziweza kwa punda wawili, pengine watatu. Hatutapata makao makubwa ya punda hapa karibuni, na sioni sababu ya kuyangoja, kwa kuwa tuna mazoea ya zamani yanayofanana sana na kuasili mnyama. Bungoma na Trans Nzoia, kwa Wabukusu, Wasabaoti na wengine, mtu hakuweka ng'ombe wake wote zizini mwake. Baadhi aliwaweka kwa rafiki au mkwe. Mtunzaji alikunywa maziwa na kutumia samadi, akapata ndama kwa makubaliano, na mwenye ng'ombe alibaki mwenyewe: ng'ombe akiugua, yeye ndiye aliyeitwa. Wazee wengi wangali na mifugo iliyowekwa hivyo.

Punda mstaafu anaweza kuwekwa vivyo hivyo. Mwenye mkokoteni abaki akilipia chanjo na kwato. Mwenye nyasi atoe malisho na banda, apate samadi ya sukumawiki na safari moja ya maji kwa siku, mitungi miwili, punda akiwa bado ana nguvu ya hiyo. Kazi nyepesi haimdhuru, tena humsaidia kusugua kwato. Waendesha mikokoteni wa Kitale, kama vijana wengine wengi wa Kenya, wamo kwenye vyama vya kuweka akiba. Chama kinachochangia mazishi na karo kinaweza kutenga sarafu chache kila wiki kwa ajili ya punda waliokijenga. Na mapatano yaandikwe wazi nani ataita daktari siku punda akishindwa kuinuka, na nani atalipa sindano ya mwisho. Cairo walilijua hilo mapema. Kumwacha siku nne amelala, watu wakimzunguka na kumnywesha maji ya chumvi, si huruma hata kidogo.

Wakati nao unasukuma. Pikipiki na tuktuk zinachukua mizigo ambayo zamani ilikuwa ya punda, kwanza mijini, sasa hata njia za Chwele na Kimilili. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako mvua hugeuza njia kuwa utelezi, punda bado anashikilia. Kijana anayenunua pikipiki huwauza punda wake kwa bei atakayoipata, na wengi wao wana miaka kumi tu, meno mazima, miguu mizima. Hao ndio wa kuchukuliwa kwanza, kabla hawajafika pale ambapo kilichobaki ni sindano. Anayetaka kuanza aende kwanza ofisi ya mifugo, kisha kwa wenye mikokoteni wenyewe, aulize nani anaacha kazi. Sokoni atauziwa mmoja, na atakuwa hajui mwenzake amebaki wapi.